Usingizi wa Rubani ni Amana ya Nani?

Lugha yetu imejaliwa methali nyingi za kumkemea mvivu. Ajizi nyumba ya njaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tumelelewa nazo, tumevuka nazo bahari, na hapa Marekani tunazitumia kila siku kutiana moyo. Lakini ukitafuta methali ya kumkemea mtu aliyekataa kulala, utahangaika sana. Kwetu sisi asiyelala ni mchapakazi, mtu wa kupigiwa mfano.

Katika makala haya tungependa kuitazama sifa hiyo upya, na tutaitazama kupitia kwa watu ambao roho zetu zimo mikononi mwao kila tunapokwenda nyumbani kwa likizo, harusi au msiba, yaani marubani. Swali letu ni hili: mtu aliyebeba maisha ya wengine, usingizi wake ni mali ya nani? Ni wake mwenyewe, autumie au auuze apendavyo? Ni wa mwajiri anayemlipa? Au ni amana, ambayo watu wengi wana haki ndani yake?

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria ya shirika la Colgan Air iliondoka Newark, New Jersey, kwenda Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York. Saa 4 na dakika 17 usiku iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center, kilomita chache kabla ya kufika uwanjani. Watu wote 49 waliokuwamo walifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ndege ilikuwa imepunguza mwendo kupita kiasi. Usukani ulianza kutetemeka, kama ulivyoundwa kufanya, kuwaonya marubani kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Dawa yake ni kushusha pua ya ndege ili ipate kasi. Kapteni alifanya kinyume chake. Aliuvuta usukani kifuani, pua ikapanda juu, na basi.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilisema kosa hilo ndilo chanzo cha ajali. Lakini wachunguzi walirudi nyuma pia, wakaangalia usiku uliotangulia. Kapteni, ambaye makazi yake yalikuwa Florida, aliulaza usiku ule katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi pale Newark, na saa 9 na dakika 10 usiku alikuwa macho, ameingia kwenye kompyuta ya kampuni. Rubani msaidizi alikuwa akiishi upande wa Seattle. Alisafiri usiku kucha kulivuka bara zima, akabadilisha ndege Memphis, akafika Newark asubuhi. Alikuwa pia na mafua. Kinasa sauti kilimnasa akimwambia mwenzake kwamba lau angekuwa nyumbani, asingekuja kazini katika hali ile. Lakini kwa kuwa ameshafika, akisema anaumwa itambidi ajilipie hoteli.

Tuyapime maneno hayo. Binti yule hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu asiyeipenda kazi yake. Alikuwa anapiga hesabu ambayo kila mwenye kipato kidogo anaijua, hesabu ya gharama ya kupumzika dhidi ya gharama ya kuvumilia. Kupumzika kuna bei yake, na bei hiyo hulipwa leo, taslimu. Kuvumilia ni bure karibu kila siku. Siku ile moja isiyokuwa bure haiandikwi mahali popote mapema ili mtu aijue.

Wajumbe wa Bodi walikubaliana kwamba yamkini uchovu uliwaathiri marubani wote wawili, ila haikuwezekana kusema kwa uhakika uliwaathiri kwa kiasi gani. Mwenyekiti alitaka uchovu uorodheshwe miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali, wenzake wakakataa. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili zima. Pombe huacha alama katika damu. Chuma kilichovunjika huokotwa na kupelekwa maabara. Uchovu hauokotwi. Mwenye nao akifa, ushahidi nao umezikwa.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyowafanyia watu waliokeshwa. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake ulishuka hadi kulingana na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho dereva yeyote hapa Marekani akikutwa nacho hulala rumande. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka. Aliyechoka huvaa sare yake iliyopigwa pasi, akasalimia abiria, akaonekana mzima. Zaidi ya hayo, kiungo kinachotakiwa kumwambia kwamba amechoka ni ubongo uleule uliochoka. Kumwuliza mtu kama huyo iwapo anaweza kuendelea ni kumpa mshtakiwa joho la hakimu.

Tarehe 25 Januari 2024 ndege ya Batik Air ilikuwa njiani kutoka Kendari kwenda Jakarta, nchini Indonesia, ikiwa na abiria 153. Kapteni aliomba apumzike kidogo, mwenzake akaishika ndege. Mwenzake huyo alikuwa na watoto mapacha wa mwezi mmoja nyumbani, na usiku alikuwa akiamka kumsaidia mkewe kuwalea. Naye akapitiwa. Kwa muda wa dakika 28 hivi waongozaji wa ndege waliita bila kuitikiwa, hadi kapteni alipozinduka na kukuta ndege imeacha njia yake. Walitua salama, hakuna aliyeumia. Lakini tujiulize, mwanamume yule alikosea wapi? Kwa kumsaidia mkewe? Kwa kwenda kazini? Kila hatua, ukiitazama peke yake, ni ya mtu mwema. Na bado watu 153 walikuwa angani pasipo dereva. Wema wa mtu mmoja mmoja hautoshi, na ndiyo maana tunahitaji sheria.

Zamani maumbile yenyewe yalikuwa sheria. Neno rubani tumelitoa baharini, kwa waongozaji wa vyombo, kabla ya ndege kuzaliwa. Jahazi lililotaka kwenda Maskati lilingoja kusi, na lililotaka kuja kwetu lilingoja kaskazi. Tajiri wa chombo angeweza kukasirika awezavyo, upepo haukumsikiliza. Mabaharia walipumzika kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Injini ndiyo iliyoondoa mpaka huo. Mwaka 1927 Charles Lindbergh aliivuka Atlantiki peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu, baada ya usiku ambao hakupata usingizi, na dunia ikampokea kama shujaa. Alikuwa shujaa kweli. Lakini alikuwa peke yake ndani ya ndege ile. Ushujaa wa kukesha ni jambo moja ukiwa umebeba roho yako, na jambo jingine kabisa ukiwa umebeba ya mtoto wa mwenzio.

Sasa tutazame mwendo wa sheria yenyewe. Mwaka 1989 Bodi ya Usalama wa Usafiri ilikwishaitaka serikali ya Marekani ishughulikie uchovu wa waendesha vyombo vya usafiri. Mwaka 1993 ndege ya mizigo ilianguka Guantanamo Bay, Cuba, na kwa mara ya kwanza Bodi hiyo ikautaja uchovu waziwazi kuwa ni chanzo cha ajali ya ndege. Mwaka 1995 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilileta rasimu ya kanuni mpya za mapumziko. Mashirika yakalalamikia gharama, vyama vya marubani navyo vikawa na malalamiko yao, na rasimu ikakaa. Ilikaa miaka 14, hadi ilipoondolewa rasmi mwaka 2009, mwaka uleule wa msiba wa Buffalo. Katikati ya kukaa huko, mwaka 1997 ndege ya Korean Air ilianguka Guam na kuua watu 228, na mwaka 1999 ndege ya American Airlines ilipita mwisho wa njia yake Little Rock na kuua watu 11. Katika zote mbili uchovu ulitajwa.

Kilichobadilisha mambo ni jamaa wa marehemu wa Buffalo. Walikwenda Washington, wakarudi, wakaenda tena, wakakaa katika vikao vya Bunge na picha za watu wao. Sheria ikapitishwa mwaka 2010, kanuni ikatangazwa Desemba 2011, ikaanza kutumika Januari 2014. Sasa rubani wa abiria lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake saa 8 za kuweza kulala bila kusumbuliwa. Urefu wa zamu unategemea saa inapoanza, maana mwili wa binadamu kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi si mwili wa adhuhuri. Tangu 1989 hadi 2014 ni miaka 25. Mtoto aliyezaliwa Bodi ilipotoa wito wake wa kwanza angeweza kuwa rubani kabla kanuni haijaanza.

Wahudumu wa ndani ya ndege walingoja zaidi. Mwaka 2018 Bunge liliamuru nao wapewe saa 10, na likatoa siku 30 kanuni iandikwe. Iliandikwa Oktoba 2022. Siku 30 ziligeuka miaka minne.

Kwa nini polepole namna hii? Si kwamba wakubwa hawakujua uchovu ni nini. Sababu ni kwamba hasara ya kupumzisha watu inaonekana kwenye daftari la mwezi huu, na faida yake haionekani kamwe. Ajali iliyozuiliwa haina picha gazetini. Hakuna anayefanya hitima kwa ajili ya watu ambao hawakufa. Na mahali ambapo jambo hili lilidhihirika zaidi ni kwenye ndege za mizigo. Kanuni ya 2011 haikuzigusa. Mashirika ya mizigo yaliambiwa yajiunge kwa hiari. Serikali ilipiga hesabu ikaona gharama ingezidi faida, kwa kuwa ndege ya mizigo hubeba watu wachache, na kwa hiyo ajali moja ikizuiliwa, roho zinazookolewa ni chache. Mwili wa rubani wa mizigo huchoka sawasawa na wa rubani wa abiria. Kilichotofautiana ni idadi ya viti nyuma yake.

Tarehe 14 Agosti 2013, kabla ya alfajiri, ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Louisville ilianguka ikikaribia kutua Birmingham, Alabama. Marubani wawili walifariki. Kinasa sauti kilionyesha kwamba kabla ya kuruka walikuwa wakizungumzia kanuni hizohizo, wakilalamika kwamba wao wameachwa nje. Lakini haki ituongoze tuseme na upande wa pili. Wachunguzi walikuta pia kwamba rubani msaidizi alipewa muda wa kutosha wa kupumzika na hakuutumia vyema. Sheria humpa mtu kitanda, haiwezi kumfumba macho. Ndiyo maana tumesema usingizi ni amana. Mwenye kuishika ni yeye kwanza. Lakini amana ina mashahidi, na mwajiri anayepanga zamu, serikali inayoandika kanuni na abiria anayenunua tiketi, wote wamo.

Abiria? Naam, na hapa hoja inatugeukia. Wapo watakaosema kwamba kanuni kali hupandisha nauli, na nauli ikipanda anayeumia ni mtu wa hali ya chini. Hoja hii si ya kupuuzwa. Sisi tunaoishi mbali tunajua maana ya nauli. Tofauti ya dola mia tatu ndiyo inayoamua mtu atamzika mama yake au atamlilia kwenye simu. Tiketi rahisi si anasa kwetu.

Lakini tutazame nchini India. Serikali ilitangaza Januari 2024 kwamba mapumziko ya marubani ya kila wiki yataongezwa kutoka saa 36 hadi 48, na kutua usiku kutapunguzwa. Mashirika yakaomba muda, wakapewa. Sehemu ya mwisho ya kanuni ilipoanza Novemba 2025, shirika kubwa kuliko yote, IndiGo, halikuwa na marubani wa kutosha kwenye ratiba yake. Tarehe 5 Desemba pekee lilifuta safari zaidi ya 1,000. Watu walilala viwanjani, mizigo ikatapakaa, na serikali ikalilegezea shirika hilo baadhi ya masharti kwa muda. Wengi waliilaumu kanuni. Sisi tunasoma vingine. Kama ratiba inaporomoka siku watu wanapopewa usingizi wao, basi ratiba ile ilikuwa imejengwa juu ya usingizi wao. Nauli ilikuwa rahisi kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekuwa akiilipia kwa macho yake. Na anayelipia hivyo, siku akishindwa, deni linawarudia abiria.

Liliwarudia tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai usiku ilipopitiliza njia yake Mangalore asubuhi na kutumbukia bondeni. Watu 158 walifariki, 8 wakanusurika. Kinasa sauti kilikuwa kimenasa kukoroma kwa kapteni kwa sehemu kubwa ya safari. Alipoamka na kuanza kutua, ndege ilikuwa juu mno. Msaidizi wake alimwambia zaidi ya mara moja wapande wazunguke upya, asimsikie. Wengi wa marehemu walikuwa wafanyakazi wa Ghuba wakirudi kwao. Hakuna msomaji wetu wa Dubai, Doha au Maskati anayehitaji kuelezwa watu hao ni akina nani. Ni sisi wa lugha nyingine.

Na kwa kweli hatufanani nao kwa kupanda ndege tu. Wengi wetu hapa tunaishi kwa zamu. Tunabeba boksi usiku, tunawageuza wazee vitandani kwenye nyumba za kulea wazee, tunaendesha teksi na malori. Yupo anayetoka kazi moja saa 1 asubuhi na kuanza nyingine saa 3. Nyumbani kuna ada ya shule, kuna paa linalovuja, kuna simu inayolia. Katika hali hiyo, saa ya kulala huonekana kama saa iliyoibiwa kwa mtoto wa ndugu. Hakuna kinasa sauti ndani ya gari zetu, lakini hesabu ni ileile ya yule binti wa Buffalo: nikipumzika nitalipa leo, nikivumilia labda sitalipa.

Kwa hiyo hatuwezi kuwataka marubani wapewe haki ambayo sisi kwa sisi tunaicheka. Mwenzetu akisema jana nililala tu, tunamwuliza kama amekuja Marekani kulala. Mwenzetu akisema ana siku tatu hajalala vizuri, tunampigia makofi. Makofi hayo ndiyo kanuni yetu ya mapumziko, na ni kanuni mbaya kuliko zote tulizozitaja, kwa sababu haijapata kupelekwa mbele ya Bunge lolote ili ibadilishwe. Tumeiandika wenyewe, na wenyewe ndio wa kuifuta.

Tuseme basi bila kuzunguka. Mtu aliyebeba wengine, awe anashika usukani wa ndege au wa gari dogo, awe anashika sindano ya mgonjwa au mkono wa bibi anayevuka chumba, hana haki ya kuuza usingizi wake wote. Na sisi tunaobebwa hatuna haki ya kuununua. Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga, na hilo si tusi kwa mwenye njaa. Ni onyo kwa anayeacha miiko ilindwe na mwenye njaa. Ndiyo maana saa 10 za rubani zimewekwa kwenye sheria wala hazikuachiwa moyo wake. Ndiyo maana pia nauli inayozilipia saa hizo, hata ikituuma, ni nauli ya haki.

Kuna jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu bila kungoja miaka 25. Msiba ukitokea katika jimbo jingine, desturi yetu ni kujaza magari na kuondoka usiku uleule, saa nane, saa kumi barabarani, wengine wakiwa wametoka kazini muda si mrefu. Desturi hiyo ni nzuri, tusiiache. Ila kabla gari halijawashwa, mkubwa mmoja amwulize dereva amelala lini, na amwulize mbele ya watu, ili jibu lisiwe la kumfurahisha mtu. Awepo dereva wa pili aliyelala mchana. Na atakayesema jamani mimi siwezi, nimechoka, aambiwe ahsante, asogee kiti cha nyuma, apewe shuka.